Mahabusu Aliyeshiba

Asubuhi ya pili, Estelle alipofungua mlango wa kasho la Nyamitaba, alimkuta Rukundo anapiga mbweu.

Alisimama pale pale mlangoni. Kasho lile ni chumba kimoja cha mbao na bati, na serikali haijawahi kukipelekea hata kikombe cha uji. Mahabusu hula anacholetewa na ndugu zake. Asiye na ndugu hula harufu ya sufuria za jirani. Na Rukundo hakuwa na ndugu Nyamitaba. Mama yake na wadogo zake walikwisha kuhamia upande wa Kalembe, yeye akabaki peke yake kuchunga ng'ombe katika shamba la Papa Faustin, tajiri aliyekuwa akiishi Goma.

"Umelala je?"

"Nimelala muzuri, Mama Inspekta."

"Nani alikuletea chakula?"

Rukundo akainua mabega. "Mi sijui. Kaporali njo anaingizaka. Mi ninakula tu."

Estelle akafunga mlango. Alikuwa OPJ wa mazingira, mpelelezi mwenye mamlaka ya kukamata na kuhoji katika kesi za misitu na wanyama, na kesi hii ilikuwa imemtoa Masisi mjini kwa pikipiki na buti zilizojaa tope. Misambi tisa, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani, walikuwa wamekutwa wamekufa pembeni ya kinamasi cha Gasura, kati ya Nyamitaba na Muheto. Watoto waliokwenda shule ndio waliowaona, mabawa yamefunguka juu ya nyasi kama nguo zilizoanikwa.

Kinamasi hicho alikifahamu. Kiangazi kilichopita wafanyakazi wa Papa Faustin walianza kukichimbia mfereji ili maji yatoke, mahali pawe malisho. Estelle alifika na barua yenye muhuri akawasimamisha, kwa kuwa misambi walikuwa wakitaga humo. Watu wa kilimani walimpigia makofi. Redio ilimtaja. Na sasa ndege walikuwa wamekufa.

Alikuwa amempasua mmoja kwa kisu, mbele ya watu, palepale ukingoni. Kwenye gole, kile kifuko cha chakula shingoni mwa ndege, alikuta punje za mahindi zinazonuka dawa ya kupe, ile wanayonyunyizia ng'ombe. Katika kibanda cha Rukundo akakuta kopo la dawa hiyo limefika nusu. Shamba lilitaka ndege waondoke ili mfereji uendelee. Mchungaji wa shamba alikuwa na sumu. Umati ulifurahi. Rukundo alifungwa kamba mikono, akapelekwa kasho bila kupigana, akiuliza njia nzima ni nani atakayekamua, ni nani atakayemwangalia ng'ombe aliyekaribia kuzaa, mpaka Estelle akamwambia anyamaze.

Jioni ile, nyumbani kwa masista alikopewa kitanda, Estelle aliziosha zile punje kwenye kikombe. Tope lilipotoka aliona kitu ambacho kisu hakikumwonyesha. Kila punje ilikuwa na mzizi mweupe mfupi. Nyingine zilikuwa zimetoa na ncha ya jani. Na katika mikunjo ya mizizi kulikuwa na udongo mwekundu wa kilimani, si tope jeusi la Gasura.

Mtu anayetaka kutega ndege kwa sumu hutupa mahindi chini. Hayafukii, wala hangoji yaote. Punje hizi zilikuwa mbegu. Mtu alizilowesha dawa, akazipanda shambani, na ndege wakazifukua.

Rukundo hakuwa na shamba hata la ukubwa wa mkeka.

Kesho yake alipanda kilimani, akapita kwenye mashamba yote yanayotazama Gasura. Kila familia ilikuwa imepanda mahindi upya. Kila familia ilisema ndege waling'oa miche. Alipouliza kuhusu dawa, kila mmoja alitazama vidole vyake vya miguu. Mahali pa kwanza aliona ni dalili. Mahali pa tano akaona ni desturi. Watu wale wote walikuwa na kitu walichokionea haya, na hakuna aliyekitoa.

Kwa hiyo hakumwachia Rukundo. Sheria ilimpa saa arobaini na nane za kumshika mtu, naye akaamua kuzitumia zote. Mtu aliyefanya jambo lile alikuwa anamwona mwenzake amefungwa kwa ajili yake. Kama alikuwa na moyo, angejitokeza. Mpango huo Estelle hakumwambia mtu, na Rukundo zaidi ya wote.

Sasa Rukundo alikuwa ameshiba.

Kaporali Jean-de-Dieu, mlinzi wa kasho, alikuwa amekaa kwenye benchi anasugua kola ya shati lake kwa kitambaa chenye maji. Alipomwona Estelle akaficha kitambaa.

"Chef."

"Hiyo ni mawese, kaporali. Haitoki na maji. Weka majivu."

"Aksanti, Chef."

"Kwako Mama anapikaka na mawese?"

"Hapana, Chef. Anasemaka inamuletea kiungulia."

"Basi ulikula fasi gani?"

Jean-de-Dieu alitazama mlango wa kasho, akatazama barabara, kisha akatazama bunduki yake kana kwamba ingemjibia.

"Chef, mushahara haijafika."

"Sikuuliza mushahara. Nimeuliza chakula ya mahabusu."

"Nilikula nusu," akasema. "Nusu tu. Na ile nusu ingine alikula, muulize. Ni chakula mingi, Chef. Haiko ya muntu moja. Yule muntu anapika kama iko deuil, kama iko watu wa matanga."

"Muntu gani?"

"Ni wawili." Sasa maneno yalimtoka kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Jana asubuhi gérant Hubert alituma fromage, nzima, ndani ya majani ya mugomba. Saa sita mama moja akaleta sufuria: bugali, sombe, maharagi. Magaribi akarudi tena. Alifunika kichwa na kitenge, akasema nisiseme. Aliacha sufuria ku kizingiti, akaenda mbio."

"Ulimujua?"

"Nilikuwa naangalia sufuria, Chef."

Chakula kutoka kwa watu wawili. Estelle alianza na kile cha bei, jibini.

Shamba la Papa Faustin lilikuwa juu, pale ambapo barabara inapinda kuelekea Muheto. Hubert, msimamizi wake, alikuwa kwenye chumba cha jibini, anageuza magurudumu meupe kwenye rafu moja baada ya jingine. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipoona buti za Estelle mlangoni hakungoja salamu.

"Kama ni juu ya mufereji, sijaugusa. Hata na jembe moja. Uliza watu yote."

"Bonjour, Papa Hubert. Sijauliza mufereji."

"Bonjour, Mama." Akapangusa mikono. "Nilifikiri."

"Ulimutumia Rukundo fromage."

"Ni mufanyakazi wangu. Nimuache na njaa?"

"Amekutumikia miaka ngapi?"

"Ine. Tano."

"Mu ile miaka yote umeshamupa fromage siku gani?"

Hubert aligeuza gurudumu ambalo alikuwa amekwisha kuligeuza. Chumba kilikuwa na baridi, lakini juu ya mdomo wake kulikuwa na jasho.

"Hapa munapandaka mahindi?" Estelle akauliza.

"Hapana. Ni majani tu. Hapa ni ya ngombe."

"Hata nyuma ya nyumba?"

"Zunguka uone."

Alizunguka, akaona. Majani, kinyesi, uzio wa miti, majani tena. Hubert alimfuata kwa heshima zote hadi kwenye geti.

"Rukundo ni muntu wa maneno mingi," akasema pale getini, akijaribu kucheka. "Kama alikuambia kitu fulani juu yangu, asikudanganye. Barua yako ilisema kuchimba kusimame. Nikasimamisha. Siku ile ile. Ile barua niko nayo mpaka leo."

"Hakuniambia kitu."

Uso wa Hubert ulilegea. Estelle aliliona hilo akalihifadhi kichwani. Mtu huyu alikuwa anaogopa kinywa cha Rukundo, lakini hakuwa na mahindi. Alikuwa na kosa lake, ila halikuwa kosa hili. Akashuka kilima.

Saa sita kasoro alikuwa nyuma ya ukuta wa kasho, karibu na rundo la mbao, mahali ambapo anayetoka kilimani hawezi kumwona. Jean-de-Dieu alikuwa kwenye benchi lake, kola ikinuka majivu.

Mwanamke alikuja kwa njia ya nyuma ya kanisa. Sufuria ilikuwa kichwani imefungwa kwa kitenge, na kitenge kingine alikuwa amejifunika hadi kwenye nyusi. Aliinama, akaweka sufuria kizingitini, na alipoinuka Estelle alikuwa mbele yake.

"Jambo, Mama Anne."

Walifahamiana. Mama Anne alikuwa mjane wa kilimani, mlimaji wa maharagi na mahindi, sauti kubwa katika kwaya. Siku ya barua na muhuri, yeye ndiye aliyemletea Estelle mkungu wa ndizi wa shukrani.

"Jambo, Mama Inspekta."

"Rukundo ni ndugu yako?"

"Hapana."

Kutoka ndani, Rukundo akaita kwa mshangao wa kweli. "Ni Mama Anne njo alikuwa analeta? Mama Anne huyu huyu? Hata salamu yangu haitaki, tangu ngombe yangu iliingia mu maharagi yake!"

Mama Anne aliupa mlango mgongo. Alimtazama Estelle. "Yesu alisema, nilikuwa mu kasho mukakuja kuniona."

"Ni kweli. Alisema juu ya wafungwa yote. Mwezi uliopita mwizi wa mbuzi alilala humu siku ngapi, kaporali?"

"Tatu, Chef," akasema Jean-de-Dieu.

"Ulimuletea nini, Mama?"

Mama Anne alitazama sufuria.

"Mahindi yako umeipanda mara ngapi mwaka huu?"

"Mara tatu."

"Mara ya kwanza?"

"Ndege walitoa yote. Walipita mustari kwa mustari, kama watu wenye kulipwa."

"Ya pili?"

"Vile vile. Nikaweka sanamu ya nguo, wakasimama juu yake. Nikapiga debe usubui mpaka mikono ikavimba. Watoto ya mwanangu wako kwangu, Mama Inspekta. Watoto ine. Mbegu ya mara ya tatu nilitoa mu mudomo yao."

"Na ile ya tatu ulipaka nini?"

Jean-de-Dieu alisimama. Mama Anne akakishusha kitenge kutoka kichwani, akakishika kwa mikono miwili.

"Dawa ya kupe. Kidogo. Nilisema watasikia uchungu mu mudomo, watakohoa, wataenda fasi ingine. Sikusema watakufa. Nilipowaona pale chini..." Akakikunja kitenge. "Wale ndege walikuwa wanaamkaka mbele yangu. Mimi nawajua kwa sauti."

"Dawa ulitoa wapi?"

Aligeukia mlango wa kasho, akajibu kwa sauti ya chini sana. "Alinipa yeye. Mu kichupa. Zamani, mbele tukosane. Mbuzi yangu ilikuwa na kupe."

Rukundo akasema kutoka ndani, "Ni kweli. Nilimupa. Nilimupa na mama fulani, na mwingine tena. Kila muntu mwenye mbuzi."

Estelle aliufungua mlango mwenyewe. "Toka, Rukundo. Uko huru."

Rukundo alitoka, akafumba macho kwa sababu ya jua. Mavumbi ya mbao yalikuwa yameshikamana na nywele zake. Hakumtazama Mama Anne. Alimtazama Estelle, polepole, kama anavyomtazama ng'ombe anayechechemea kujua ni mguu upi.

"Mama Inspekta, swali yako ilikuwa juu ya mahindi. Basi ulijua haiko mimi."

"Ndiyo."

"Tangu wakati gani?"

Angeweza kusema tangu asubuhi hii. Jean-de-Dieu asingebisha.

"Tangu ile magaribi nilikufunga."

"Na ukaniacha humu."

"Ndiyo."

"Juu mwenye kufanya akuje."

"Ndiyo."

Rukundo alitikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu asichokinunua. "Iko ngombe yenye ilikuwa karibu kuzaa," akasema. "Ya kwanza yake. Nilikuambia njia yote. Ulisema nyamaza." Akaichukua fimbo yake iliyoegemea ukutani, akaenda. Hakukimbia, mgongo wake ulionekana muda mrefu kwenye njia ya kilimani, mpaka njia ilipopinda.

Utaratibu wa kazi unataka mtuhumiwa aonyeshe mahali. Estelle na Mama Anne walipanda pamoja hadi shambani. Mama Anne alionyesha mistari, akaonyesha kibuyu alimochanganyia dawa, akaonyesha mahali alipokifukia kichupa. Alionyesha yote bila kuombwa mara mbili. Jembe lake lilikuwa limelala mwisho wa mstari, mpini una udongo mkavu.

Estelle aliandika. Kisha akainua kichwa, kwa kuwa kulikuwa na swali moja ambalo hakuwa ameliuliza katika shamba lolote.

"Miaka ya nyuma misambi walikulaka mahindi yenu hivi?"

"Walikuwa wanachukua kidogo pembeni. Haikuwa hivi. Chakula yao ilikuwa kule chini, mu maji. Vyura, wadudu."

"Na mwaka huu?"

Mama Anne alimtazama kwa namna ambayo Estelle hakuielewa mara moja. Ilikuwa huruma.

"Haujashuka kule, Mama Inspekta? Tangu ile barua?"

"Nilishuka pembeni, fasi ndege walikufa."

"Pembeni. Kuja basi."

Mama Anne akaliokota jembe lake, wakashuka kupitia matete. Mahali ambapo kiangazi kile buti za Estelle zilizama hadi magotini, sasa alitembea kama barabarani. Tope lilikuwa limekauka, limepasuka vipande vipande. Viota vya misambi, vile vilima vya majani ambavyo ni lazima vizungukwe na maji, vilisimama vikavu, na kila mbwa na kila nyani angeweza kuvifikia. Katikati palipita mfereji. Ulikuwa nusu tu ya mfereji, kama Hubert alivyoapa, haukuongezewa hata jembe moja. Lakini mdomo wake ulikuwa wazi, na ndani yake maji yalikuwa yakitembea kuelekea mtoni, safi, bila kelele, mchana na usiku, tangu siku ile aliyopigiwa makofi.

Alisimama juu yake. Barua aliikumbuka neno kwa neno, aliiandika mwenyewe. *Kazi yote ya kuchimba isimame.* Haikuwa na sentensi nyingine.

"Wewe ulikataza watu kuchimba," Mama Anne akasema, bila ukali. "Maji haukuiambia kitu."

"Juu ya nini hamukunipigia simu?"

"Tulifikiri unajua. Ulikuwa na muhuri. Na Rukundo alimuambia gérant: ndege wanatoka mu maji, wanapanda ku mashamba, tufunge hii tundu. Hubert akamujibu, acha maji itumike kazi yake, maji haina barua. Kilima yote ilisikia. Tukanyamaza, kila muntu na shamba yake."

Ndiyo maana ya jibini. Na ndiyo maana ya vidole vya miguu vilivyotazamwa shamba kwa shamba.

Estelle alipitia sheria kichwani kama alivyofundishwa. Mama Anne aliua ndege wanaolindwa: ilikuwa na kifungu chake. Hubert aliambiwa asimamishe kazi, akasimamisha: haikuwa na kifungu. Aliyeandika barua pungufu, kisha akamfunga kwa siku mbili mtu aliyejua hana kosa: kifungu cha huyo kingetafutwa na wakubwa wake, kama mtu angewapelekea PV, ile hati ya maelezo ya kesi.

Barua mpya ingepaswa kwenda Masisi, kutoka huko kwenda Goma, na kurudi. Juu ya mti wa mkalitusi upande wa pili, misambi wawili waliobaki walikuwa wamesimama, wanatazama chini.

"Nisaidie hiyo jembe yako," Estelle akasema.

Udongo uliotolewa mferejini ulikuwa bado umerundikwa kandokando, umeota majani. Estelle alivua koti, akapiga jembe la kwanza. Mama Anne alimtazama kidogo, akafunga kitenge kiunoni, akapiga magoti, akaanza kusukuma madongoa kwa mikono. Mara ya kwanza maji yaliyachukua. Mara ya pili pia. Mama Anne akaenda akang'oa matete kwa mizizi yake, akayalaza mdomoni mwa mfereji, wakayakandamiza kwa miguu, wakaweka udongo juu. Juu kilimani ng'ombe wa Papa Faustin walipita na Rukundo nyuma yao. Alisimama akawaona. Kisha akafuata ng'ombe wake.

Maji yalikuwa yamekwisha kupungua mferejini hadi kufikia uzi mwembamba Hubert aliposhuka, amekunja suruali, wafanyakazi wawili nyuma yake.

"Mama Inspekta! Uko nafanya nini?"

"Niko nafunga mufereji."

"Uko na karatasi?"

"Sina."

"Sina?" Hubert aliwageukia wafanyakazi wake ili wasikie vizuri. "Hii ni mali ya Papa Faustin. Mimi niliheshimu barua yako mpaka leo, na wewe unakuja kuharibu mali ya muntu bila karatasi, pamoja na muhalifu wako? Nitakushitaki."

"Ni haki yako, Papa Hubert." Estelle aliegemea jembe. Viganja vilikuwa vimechubuka, na aliona kwamba sauti yake haikuwa ya ofisi tena. "Shuka Nyamitaba sasa hivi. Kaporali Jean-de-Dieu atakufungulia PV. Sababu umuandikishe vile uliona na macho yako. Na uongeze ya Rukundo, siku mbili, bila kosa. Asisahau."

Hubert aliwatazama wafanyakazi wake; wao walikuwa wanatazama maji.

"Na umuambie asifunge kasho," Estelle akasema, akiinua jembe. "Tukimaliza hapa, tutakuja wawili."